Bari 101 au 74: nani kakosea?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Natafuta mgandamizo wa kizingiti (pale kimiminika na gesi visipotofautiana tena) wa kabonidayoksaidi kwa mlinganyo wa van der Waals, ule unaounganisha mgandamizo, ujazo na halijoto ya gesi kwa namba mbili: a ya mvutano wa molekuli na b ya ukubwa wake. Nilianza na ujazo wa kizingiti, lita 0.094 kwa moli, nikapata b. Kisha kwa halijoto ya kizingiti, kelvini 304.1, nikapata a. Jibu langu ni bari 101. Mwenzangu kachukua a na b za jedwali la kitabu, kapata 74, na maabara wanasema 73.8. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea. Nimeirudia hesabu yako: b ni 0.094/3, yaani 0.0313, a inakuja 2.67, na a/(27b²) inatoa 101 kweli. Ya mwenzako nayo ni sahihi: a ya 3.64 na b ya 0.0427 zinatoa 74.

Ila asikutambie. Hizo a na b za jedwali kwa kawaida hupatikana kutokana na halijoto na mgandamizo wa kizingiti uliopimwa. Ameitoa 74 mfuko wa kushoto akaitia wa kulia. Mwambie akokotoe ujazo, 3b: atapata 0.128 badala ya 0.094. Kosa ni lile lile, limehama chumba tu.

Tatizo ni mlinganyo wenyewe. Kwenye kizingiti mchirizi wa grafu ya mgandamizo dhidi ya ujazo unalala bapa na mpindo wake unageuka. Ukiyatimiza masharti hayo, PV/RT (mgandamizo mara ujazo wa moli moja, gawanya kwa R, namba thabiti ya gesi, mara halijoto) inatoka 3/8, yaani 0.375, kwa gesi yoyote ile. Kabonidayoksaidi halisi ina 0.274. Gawanya 0.375 kwa 0.274, upate 1.37, zidisha kwa 73.8. Ndiyo 101 yako hiyo.

Van der Waals aliandika mwaka 1873, tusimlaumu. Redlich na Kwong (1949), kwa mlinganyo wao, wanashusha uwiano huo wa PV/RT hadi 1/3, nawe ungepata bari 90. Peng na Robinson (1976) wana 0.307, ungepata 83. Bado hatujafika.

Kwa hiyo kazini hatuutafuti mgandamizo huu kwa njia yako. Tunachukua halijoto na mgandamizo uliopimwa, tunautengeneza mlinganyo kwa hivyo viwili, kisha tunautumia kwingine. Na si mambo ya maabara tu: kelvini 304.1 ni nyuzi 31 hivi, na mtungi wa kuzimia moto wa gesi hii ulioachwa juani Dar es Salaam mwezi Februari unavuka hapo kirahisi. Ndani yake hakuna tena uso wa kimiminika.

Kwenye ripoti andika 73.8. Ile 101 usiifute. Iweke pembeni pamoja na 0.375 yake.