Bahari imekwenda, mtoto analia: maswali yenu kwa Shangazi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tuna watoto wawili, wa kiume ana miaka 4, wa kike mwaka na nusu. Tunakaa Mbagala. Mume wangu ni fundi magari, anapumzika Jumapili tu. Jumapili iliyopita tuliwapeleka watoto baharini. Tulichelewa kutoka, tukafika saa saba mchana. Maji yamekwenda mbali, mchanga unaunguza, mdogo analia tangu tunashuka kwenye basi. Tukanunua chipsi na soda, tukalipia lile puto kubwa la kurukia, kaka mtu akaruka kidogo akaogopa akashuka. Shilingi 42,000 zikaisha hivyo. Magharibi tuko kituoni, mume wangu anasema haturudi tena, mimi nimenuna, na mtoto ananivuta gauni anionyeshe mwezi mwembamba juu ya mapaa. Nikamwambia anyamaze. Jirani zangu kila wiki wanatuma picha za wanao wakiogelea kwenye mabwawa. Naona kama mimi kulea kumenishinda. Tufanyeje?
Mama wa wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kulea hakujakushinda. Ungekuwa umeshindwa, usingekumbuka mtoto alikuwa anakuonyesha nini. Barua yako nimeichagua kwa sababu ya huo mwezi, maana nusu ya jibu imo humo.

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi, Mjimwema, huko Kigamboni. Nyumbani kwetu hakuna aliyeshuka pwani bila kujua mwezi una siku ngapi. Mwezi mwembamba unaouona magharibi jua likishazama ni wa siku mbili tatu. Siku hizo bado ni bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana, na kwa pwani yetu ya Dar es Salaam maji hupwa saa sita kwenda saa saba mchana. Ninyi mkaingia saa hiyo hiyo: bahari iko mwisho kabisa, jua la utosi, na binti yenu ndio saa yake ya kulala. Hata mngebeba laki mbili, siku ile ingekuwa ile ile.

Sasa nikupe hesabu ya baba, ni rahisi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hupwa saa nne kwenda saa tano asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa kama dakika 50. Likipita juma moja, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: asubuhi ile ile ya saa nne bahari imejaa. Hayo tunayaita maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, ndiyo maana mlikuta bahari kama imehama.

Kwa watoto wa umri wa wako, mimi napenda Jumapili inayoangukia mwezi mpevu au mwezi mpya. Fikeni saa mbili na nusu, jua halijawa kali. Maji yanaondoka, na ninyi mnayafuata taratibu, mkiokota. Yanaacha vidimbwi vinavyofika kwenye kifundo cha mguu wa mtoto, vya moto kidogo kama maji ya kuogea. Mvalisheni kila mtu yeboyebo, mama na baba pia, kwa sababu kwenye mawe wapo wale wadudu wa baharini weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wao ukivunjikia unyayoni siku imeharibika. Ikifika saa nne na nusu geuzeni. Maji yakianza kurudi huja polepole, halafu saa ya tatu na ya nne yake yanakimbia, na mtu anayetembea na mtoto mgongoni hakimbii.

Na hata kwenye kidimbwi, mtoto wa mwaka na nusu awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, bila simu mkononi. Mtoto anayezama hapigi kelele. Hili naomba ulisome tena pamoja na baba yao.

Mwaka jana nilikwenda hivyo na mjukuu wangu wa miaka 4. Nilikuwa na mipango yangu: tutembee hadi kwenye mikoko, tule, turudi. Hatukufika popote. Alimwona kaa mdogo, yule anayehamia kwenye kombe la konokono, akachuchumaa. Nikamweka yule kaa kiganjani kwake. Kaa akajivuta ndani akafunga mlango kwa gando lake moja lililo kubwa. Mtoto akabana pumzi. Tukangoja. Likatoka gando, zikatoka nyuzi mbili nyembamba zinapapasa hewa, yakatoka macho mawili juu ya vijiti. Mtoto akacheka, kaa akarudi ndani pap. Wakafanya mchezo huo mpaka mgongo wangu ukaanza kuuma, kisha akamrudisha majini mwenyewe, akamwambia kwaheri. Puto la kurukia alikuwa ameshalipanda mara mbili na wazazi wake, na sijawahi kumsikia akilisimulia. Kaa anamsimulia mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, panga kitu kimoja tu kwa siku, na ukipange kwenye saa ambazo watoto wako wako vizuri. Kama wameamka saa kumi na mbili, wanakuwa wema mpaka saa nne hivi. Saa tano muwe ndani ya basi mnarudi, mdogo amelala kwenye mbeleko, chakula cha mchana mle kwako. Matembezi ya mtoto mdogo yanakwisha mapema, na mtu mzima akubali.

Chakula kitoke nyumbani. Uji kwenye chupa ya chai, maandazi, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, maji ya kutosha. Kanga doti moja: kipande cha kukalia, kipande cha kubebea. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, nguo mbichi nazo zifungwe kwenye kanga. Ukibaki na elfu tano ya mihogo ya kukaanga na kachumbari, inatosha kabisa.

Jumapili ambayo maji hayapatani na saa zenu, nendeni mkavuke na pantoni kwenda Kigamboni. Nasema kweli. Shukeni Posta, tembeeni mpaka Kivukoni asubuhi. Nauli ya kuvuka haifiki bei ya soda. Acheni watu wenye haraka watangulie, ingieni nyuma yao, na baba amshike wa kiume mkono muda wote, asimkalishe juu ya vyuma vya pembeni. Ule mlango wa bandari ni mwembamba. Meli ikiingia mtoto anaiona kama ghorofa linatembea, na mabaharia wake akiwapungia mkono huwa wanajibu. Mkifika ng'ambo, kunyweni uji, rudini. Safari yenyewe ya majini ni dakika chache, lakini kwa mtoto wa miaka 4 amesafiri na meli kwenda na kurudi. Mkirudi pitieni soko la samaki la Feri, pale pale, mmwone pweza. Chini panateleza, mdogo abebwe.

Kijiji cha Makumbusho kule Kijitonyama nakipenda pia kwa umri huo, kwa vile nyumba za makabila ni za ukubwa wake halisi, mtoto anainama anaingia, anatokea, anaingia nyingine, na kuna kivuli. Makumbusho ya Taifa ya mjini yasubiri. Lile fuvu la zamadamu, Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 ni fahari yetu, ila mwanao atalipenda zaidi akifika darasa la tatu. Na treni ya umeme ya Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, ikae mpaka binti aache kulala mchana.

Mumeo usimlaumu. Mtu amelala chini ya magari siku sita, siku ya saba amelipa 42,000 kusikiliza kilio. Mpe kazi yake: yeye ndiye aangalie mwezi Alhamisi usiku pamoja na kijana wake, waje wakwambie maji yatakuwaje Jumapili. Picha za majirani zipite. Na leo jioni toka nje na mwanao, umwambie akuonyeshe ule mwezi. Utakuwa umeshanenepa.

SWALI: Shangazi shikamoo. Mke wangu yuko masomoni Dodoma, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili natoka mimi na binti yangu wa miaka 3. Shida ni choo. Cha wanaume naona haya kumwingiza, cha wanawake siwezi kuingia. Watu wananitazama.
Baba wa binti, Chanika

JIBU: Marahaba, baba. Kwanza hongera, na wanaokutazama waache watazame. Usimkabidhi mtoto kwa mtu usiyemjua eti akupelekee, hata awe mwanamke mwenye sura ya upole. Ingia naye cha wanaume, mwelekeze uso kwako, nendeni moja kwa moja kwenye chumba chenye mlango, fungeni. Akishafika miaka 5 au 6 tutazungumza upya. Pia chukua poti ndogo yenye mfuniko ndani ya begi, na kanga ya mama yake ya kumkingia. Kabla ya kukaa popote kula, muulize mama lishe choo kiko wapi. Wengi wana watoto, hukuonyesha kilicho kisafi. Na kila mnapotoka, mwandikie namba yako ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono, chini ya kiwiko, umfundishe kuionyesha akikupoteza. Yangu niliwaandikia wanangu wote watatu. Wa mwisho ilimrudisha kwangu mwaka mmoja kwenye maonyesho ya Sabasaba, kabla sijamaliza hata kuzunguka banda la pili kumtafuta.