Harusi za Shambani na Bustanini: Majibu kwa Wapiga Picha

Maswali ya safari hii yametoka zaidi kwa wapiga picha waliozoea kumbi, ambao sasa wanaitwa kwenye harusi ndogo za bustanini, za mashambani na za kwenye maghala ya zamani yaliyogeuzwa kumbi. Penye tabu tumejibu kwa kirefu. Pasipo na tabu tumepita haraka.

SWALI: Maharusi wamesema hawataki kupozi hata kidogo. Nitapataje picha nzuri bila kumpanga mtu?

JIBU: Panga mahali, watu watajipanga wenyewe. Fika mapema, tazama mwanga ulio mzuri uko upande gani, kisha umwombe mwenye shughuli aweke meza ya vinywaji hapo. Wageni hufuata vinywaji bila kuambiwa. Meza ikikaa kwenye kivuli cha jengo, mbele yake pawe wazi kuelekea angani, umeshamaliza nusu ya kazi ya mchana. Ikikaa katikati ya uwanja juani, utapiga picha za watu waliokunja uso mpaka jioni.

Maharusi wenyewe wape cha kufanya badala ya pozi. Waambie watembee kutoka kwenye mti hadi getini, polepole kuliko mwendo wao wa kawaida, huku wakizungumza. Wewe simama umbali wa mita 10 hadi 15 kutoka kwao, ukitumia lenzi ya 85 mm, inayovuta karibu. Wakifika, usishushe kamera. Picha nyingi zinazopendwa hutokea sekunde chache baada ya watu kudhani umemaliza, mabega yakishuka na wakiangaliana kucheka.

Kwa wageni, kaa sehemu moja dakika tano bila kuhama. Dakika ya kwanza wote wanakuangalia, ya tatu wameshakusahau. Lenzi ya 35 mm na ya 85 mm kwenye kamera mbili zinatosha siku nzima. Kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) isishuke chini ya 1/250 ya sekunde watu wakitembea, na 1/500 watoto wakianza kukimbizana. Mtu anayetafuna usimpige. Hakuna atakayeitaka picha hiyo, yeye akiwa wa kwanza.

SWALI: Kiapo kitafanyika saa saba mchana kwenye nyasi, jua likiwa utosini. Macho yote yanageuka mashimo meusi. Nifanye nini?

JIBU: Kwanza zungumza na maharusi wiki kadhaa kabla, si siku yenyewe. Kusogeza kiapo hadi saa mbili au tatu kabla ya jua kuzama kunaokoa picha kuliko kifaa chochote utakachonunua. Wakikataa, omba wasimame jua likiwa nyuma yao, hata kama liko juu sana na mgongo unalipata kidogo tu. Nyuso zote mbili zikiwa kwenye kivuli chao wenyewe ni afadhali mno kuliko mmoja kuwa juani na mwenzake kivulini. Hali hiyo ya pili hakuna programu itakayoirekebisha vizuri, hasa mmoja akiwa amevaa nguo nyeupe.

Pima mwanga kwa uso, kisha angalia gauni kwenye histogramu (grafu ya mwanga inayoonyeshwa na kamera). Grafu ikigonga ukingo wa kulia, yaani nyeupe ya gauni imepotea, shusha theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu) na uinue vivuli baadaye. Faili za RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazichakata) zinavumilia kuinuliwa kivuli, hazivumilii nyeupe iliyokwisha potea. Flashi ya kujazia husaidia ukiwa karibu, ndani ya mita tatu au nne hivi, ikipunguzwa stopu moja hadi mbili chini ya mwanga wa jua. Kumbuka kamera nyingi hazisawazishi flashi juu ya 1/200 au 1/250. Ukiwasha hali ya kasi kubwa, nguvu ya flashi inapungua sana, na juani utaona haifiki popote.

Mti si lazima uwe mkombozi. Chini ya majani machache kuna mwanga wa madoadoa: doa moja kwenye paji la uso, jingine kwenye pua, na la tatu kwenye kifua cha gauni. Tafuta mti wenye majani mazito, na uwasimamishe watu ukingoni mwa kivuli wakitazama nje. Angalia pia kilicho chini ya miguu. Nyasi zilizopigwa na jua hurusha kijani juu, na utakiona chini ya kidevu, kwenye shingo na kwenye upindo wa gauni. Njia ya changarawe au udongo mweupe hurusha mwanga safi, nao unaingia machoni kutoka chini. Kama huna budi kupiga kwenye nyasi, wakati wa kuhariri punguza ukolezi wa kijani kwenye ngozi peke yake. Ukisukuma picha nzima kuelekea zambarau, uwanja utaonekana umekauka.

SWALI: Sherehe iko ndani ya ghala la mbao lenye dari refu. Nikielekeza flashi juu kama nilivyozoea ukumbini, picha zinatoka nyeusi na rangi ya machungwa.

JIBU: Ukumbini dari ni jeupe na liko karibu, kwa hiyo mwanga unagonga na kurudi. Ghalani dari liko mita sita au zaidi, na mbao za kahawia zinameza sehemu kubwa ya mwanga. Kidogo kinachorudi kimeshachukua rangi ya mbao. Ukiongeza nguvu ya flashi, utaua betri na rangi itabaki ileile.

Weka flashi mbili kwenye stendi, pembe mbili zinazokabiliana kwa mshazari kuvuka uwanja wa kuchezea. Zisimame juu ya kichwa cha mtu mrefu, mita 2.5 au zaidi, zikielekezwa katikati. Anza na nguvu ya 1/16 kwa mkono, si otomatiki, na uziwashe kwa kirusha mawimbi kilicho juu ya kamera. Kwenye kamera anza na f/2.8 (upana wa tundu la lenzi), 1/125, ISO 1600 (wepesi wa kamera kwa mwanga). Hapo flashi moja inapiga uso, nyingine inachora ukingo wa nywele na mabega, na ukizunguka uwanja zinabadilishana kazi. Taa ndogo zilizotundikwa darini zikionekana zimefifia, shusha kasi hadi 1/60. Mwanga wa flashi hautabadilika, ila taa zitang'aa.

Rangi ndiyo inayosahaulika. Taa za ghalani kwa kawaida ni za manjano, karibu 2700 hadi 3000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), na flashi iko karibu 5500 K. Funika flashi kwa karatasi angavu ya rangi ya chungwa, kisha weka kamera karibu 3200 hadi 3500 K. Bila karatasi hiyo utachagua kati ya watu wa bluu na ukuta wa chungwa. Kila stendi iwekee mfuko wa mchanga miguuni. Ghalani watu wanacheza hadi pembeni, na stendi ikianguka inaweza kumjeruhi mtu.

Kuna mtego mwingine mchana: mlango mkubwa ulio wazi. Wapambaji hupenda kuweka upinde wa maua mbele yake kwa sababu unapendeza kwa macho. Kwa kamera, maharusi wanakuwa vivuli vyeusi mbele ya mwanga mkali. Omba upinde uwekwe upande wa pili, ndani, ukitazama mlango. Hapo mlango unakuwa dirisha kubwa linalomulika nyuso za maharusi, na wewe unapiga ukiwa umeupa mgongo.

SWALI: Picha zangu za usiku zina mistari ya giza na mwanga inayokatiza fremu. Kamera imeharibika?

JIBU: Haijaharibika. Taa nyingi za LED humemeka mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme. Penye umeme wa hezi 50 zinamemeka mara 100 kwa sekunde, penye hezi 60 mara 120. Tumia 1/100 au 1/50 kwa umeme wa kwanza, 1/125 au 1/60 kwa wa pili. Zima shata ya kimya, maana husoma picha mstari kwa mstari na kunasa mmemeko wote. Rudi kwenye shata ya kawaida. Kama kamera yako ina kidhibiti cha mmemeko, kiwashe. Jenereta au vipunguza mwanga vya bei nafuu vinaweza kuleta mmemeko usiofuata hesabu hii, kwa hiyo jaribu fremu chache kabla wageni hawajaingia.

SWALI: Hema ni la rangi nyekundu na bluu. Nyuso zote zina rangi mbili.

JIBU: Hema jeupe mchana ni zawadi, la rangi ni adhabu. Kama bado halijakodiwa, sema mapema. Kama limeshasimama, omba pazia za pembeni zifunguliwe upande usio na jua, na meza ya maharusi isogezwe hadi mita mbili kutoka ukingoni ili mwanga wa pembeni uushinde wa juu. Ndani zaidi tumia flashi iliyo nje ya kamera, karibu na msemaji, ili iufunike mwanga wa turubai. Zile zisizorekebishika zigeuze nyeusi na nyeupe. Si aibu, na picha za hotuba mara nyingi hufaidika.

SWALI: Wanataka harusi tulivu lakini wazazi wanataka picha za familia. Zinakula saa nzima na wageni wanatawanyika.

JIBU: Saa nzima hupotea kutafuta watu, si kupiga. Omba orodha ya makundi yasiyozidi kumi, imeandikwa kwa majina halisi. "Familia ya mama" haitoshi, kila mtu ana hesabu yake. Omba pia watu wawili, mmoja kila upande, wanaojua sura za ndugu na wenye sauti. Wewe huwezi kumjua mjomba aliyekwenda kuangalia ng'ombe.

Anza na kundi kubwa zaidi, mara tu baada ya kiapo wakati wote wapo pamoja. Kisha wazee na watoto wadogo, uwaachie wakakae. Malizia na ndugu wa karibu na maharusi wenyewe. Kila kundi hesabu dakika tatu, kwa hiyo makundi kumi ni nusu saa, na useme hivyo wazi unapopanga ratiba. Kwa safu mbili au tatu tumia f/5.6 hadi f/8, 1/200, lenzi ya 35 mm, fokasi kwenye mstari wa mbele. Kundi la watu 40 piga juu ya ngazi fupi, fremu nane au zaidi, maana daima kuna aliyefumba macho. Na kabla hujabonyeza, tazama nyuma: maegesho ya magari ndiyo mandhari inayojipenyeza zaidi kwenye picha za shambani.

SWALI: Mvua ikinyesha?

JIBU: Chukua miavuli mikubwa inayopitisha mwanga au myeupe, miwili au mitatu. Ya rangi hupaka nyuso rangi zao. Mvua yenyewe haionekani mpaka imulikwe kutoka nyuma: weka flashi mita tatu nyuma ya maharusi, ndani ya mfuko wa plastiki, ukiwa umechagua mandhari ya giza kama miti au ukuta, na matone yatang'aa. Chini ya gauni tandika karatasi ya nailoni pana, kisha uifiche kwa upindo. Weka vitambaa vitatu vikavu vya lenzi kwenye mifuko tofauti. Ukitoka kwenye baridi ukiingia ndani penye joto na watu wengi, lenzi itafunikwa na ukungu. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30, na kamera ya pili iwe imeshaingia mapema.

SWALI: Nitapigaje wakati wageni wanarusha maua?

JIBU: Safu mbili zinazotazamana, upana wa mita moja na nusu, watu 15 au 20 kila upande. Waambie warushe juu, si usoni, na wasirushe mpaka maharusi wawe hatua moja mbele yao; la sivyo wote hurusha kwa pamoja mwanzoni na nusu ya njia inabaki tupu. Tumia 1/1000, f/4, ukirudi kinyumenyume na mtu akikushika begani. Uliza mwenye shamba kwanza: wengi huruhusu petali zilizokaushwa, hukataa karatasi.

SWALI: Hakuna umeme wa uhakika huko. Nibebe nini, na picha nizilindeje?

JIBU: Betri nne kwa kila kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), mbili zikitosha kwa yenye kioo hicho (DSLR), na chaja ya gari. Betri zilizotumika zitie mfuko mwingine kabisa. Kadi: faili ya RAW ya megapikseli 24 huwa karibu megabaiti 25 hadi 30, kwa hiyo fremu 2,500 ni gigabaiti 60 hadi 75. Tumia kamera yenye nafasi mbili na uandike kadi zote mbili kwa pamoja. Usifute picha ndani ya kamera wakati wa chakula ili kupata nafasi. Kidole kilichochoka hufuta isivyotakiwa. Saa za kamera zote ziwe sawa hadi sekunde, vinginevyo keki itakatwa kabla ya kiapo utakapopanga picha.

Usiku huohuo nakili kwenye diski mbili. Moja ibaki kwenye begi, nyingine isilale chumba kimoja na ya kwanza. Kadi usizifute mpaka nakala ya tatu iwe imekaa mahali pengine na umeshafungua faili chache kutoka kila diski kuhakikisha zinasomeka.

SWALI: Droni vipi? Shamba lina farasi na mbuzi.

JIBU: Angalia kwanza sheria ya anga ya mahali ulipo na upate ruhusa ya mwenye shamba. Usirushe juu ya vichwa vya watu wala wakati wa kiapo, mlio wake unaingia kwenye video ya mwenzako. Farasi hushtuka na kukimbia hata kama wako mbali kiasi. Omba wahamishwe zizini. Dakika tano za droni wakati wageni wanahamia mezani zinatosha. Baada ya hapo ifunge, uende ukapige watu.