Jina la mpagazi wetu halipo kwenye sanamu: nilivyomtafuta baba yake babu

Ndugu, umeeleza kwamba babu yake bibi yako alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, yaani Vita ya Kwanza ya Dunia, hakurudi, na kwamba ulikwenda mpaka Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, ukitafuta jina lake usione jina la mtu yeyote. Nilisimama pale pale mwaka 2014, nikaizunguka ile sanamu mara tatu nikidhani kuna upande nimeuruka. Hakuna. Hukukosea kuangalia.

Ile sanamu ilizinduliwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliing'oa walipouteka mji mwaka 1916. Zipo ndugu zake Nairobi na Mombasa. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lenyewe halikuandikwa, na huo ulikuwa uamuzi, si usahaulifu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Niliisoma ripoti ile usiku mmoja mpaka mwisho, na nakiri nililia.

Sasa nikueleze kosa langu, maana ndilo litakalokuokolea muda. Nilianzia kwenye intaneti. Rejista ya Tume iko wazi kwa kila mtu, bure, nikaandika jina la baba yake babu, na likatokea! Jina lake na jina la baba yake, kafariki 1917. Nilimpigia simu shangazi usiku ule ule. Akakusanya ukoo, watu wakatoka vijijini, tukamsomea dua kwa jina na kwa tarehe. Miaka miwili niliishi na amani ile.

Kisha nikairudia rekodi ile kwa utulivu. Mtu yule alikuwa askari wa kikosi cha pili cha KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari Waafrika. Kikosi cha kwanza na cha pili viliandikisha watu wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Cha tatu kilikuwa cha Kenya, cha nne cha Uganda. Sisi ni Wagogo, na baba yake babu hakuwahi kushika bunduki. Majina kama Juma, Saidi na Abdallah yalikuwa kila mahali, na jina kufanana si ushahidi wa kitu. Ilinibidi nisafiri hadi Dodoma nimwambie shangazi uso kwa uso. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Basi na huyo tuliyemwombea naye ana kwao. Dua haikupotea." Nilishindwa kumjibu.

Siku ile ndipo nilipoanza upya, safari hii kwa kumsikiliza yeye. Na hapa ndipo nakuomba utulie, kwa sababu swali la kwanza si "aliitwa nani". Swali la kwanza ni nani alimchukua. Waingereza waliingia Dodoma tarehe 29 Julai 1916. Aliyechukuliwa kabla ya siku hiyo alibebea Wajerumani. Aliyechukuliwa baadaye alibebea Waingereza. Kwa nyaraka hao ni watu wa dunia mbili tofauti, na ukiikosea hiyo utatafuta miaka kumi kwenye kabati lisilo lake. Kama kwenu si Dodoma, tafuta siku ambayo wilaya yenu ilibadilisha mikono.

Wazee hawatakupa tarehe. Wanatoa njaa, mvua, na umri wa mtoto. Kwetu kuna Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya kati ya 1917 na 1920, iliyokuja baada ya majeshi yote mawili kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana. Shangazi alisema hivi: siku babu yako anaachwa na baba yake alikuwa bado anabebwa mgongoni, na Mtunya ulipokolea alikuwa anachunga ndama. Fanya hesabu. Mtoto wa kuchunga ndama ana miaka mitano au sita. Rudi nyuma mpaka awe wa mgongoni, unafika 1914 au 1915. Mjerumani.

Nikamuuliza alielekea wapi. Akasema, upande wa mlima mweupe. Hilo lilinithibitishia kuliko karatasi yoyote, kwa sababu Wajerumani waliishikilia Taveta tangu Agosti 1914 hadi Machi 1916, na mizigo yao ilikwenda huko, chini ya Kilimanjaro. Wapagazi wa Ugogo waliochukuliwa na Waingereza mwaka 1917 walisukumwa kusini, Iringa, Mahenge, Rufiji, wakifuata jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Mwelekeo wa safari unakuambia jeshi. Kwa hiyo muulize bibi: walisema alikwenda kwenye mto mkubwa, kwenye baridi, au kwenye mlima?

Kwa upande wa Mjerumani sitakuficha, karatasi ni chache mno. Hifadhi ya nyaraka za jeshi la Kijerumani iliyokuwa Potsdam, Ujerumani, iliungua kwa mabomu mwaka 1945, na mpagazi wa kawaida hakuwa mtu wa kuandikwa faili. Ikiwa wa kwenu alichukuliwa na Waingereza una nafasi zaidi: wapagazi wao walipewa namba, ikagongwa kwenye kisahani cha chuma. Kama kisahani hicho kimebaki kwenye sanduku la mtu yeyote wa ukoo, ni dhahabu. Usikisugue ili king'ae. Kipige picha kilivyo. Ukienda kwenye nyaraka za taifa, Dar es Salaam au Nairobi, usitafute kwa jina peke yake. Tafuta kwa wilaya na kwa jina la jumbe au chifu, kwa sababu watu walitolewa kwa kijiji, kila jumbe akidaiwa idadi yake. Na jina liandike kwa kila namna ambayo Mzungu asiyejua Kigogo, Kihehe au Kikamba angelisikia: L iwe R, herufi ya mwanzo idondoke, jina la baba ligeuke la kwanza. Vitabu vya ubatizo vya misheni navyo viulizie, hasa vya watoto waliobaki. Mara nyingine wameandika kwamba baba hayupo.

Wale ambao wazee wao walikufa Vita ya Pili wana njia nyepesi, maana askari wa KAR wa wakati ule waliandikwa. Kwenye makaburi ya vita ya Nairobi kuna ukumbusho wenye majina, wakiwemo wapiganaji wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944. Meli iliondoka Mombasa. Kuna familia mpaka leo hazijui kwamba mzee wao hakufika hata vitani.

Wa kwetu sijampata kwenye karatasi, na siamini tena kwamba nitampata. Nilicho nacho ni daftari: jina lake, la jumbe aliyemtoa, la mke wake ambaye alikufa na Mtunya, na watoto watatu, mmoja akabaki. Nimepeleka nakala yake kwa kila nyumba ya ukoo, pamoja na ukurasa wa yule askari wa Nyasaland, kwa sababu shangazi alitaka hivyo.

Nenda kwa bibi wiki hii, usingoje likizo. Usimhoji kama karani. Kaa naye jikoni. Na muulize pia kama babu yake alikuwa na jina la utotoni tofauti na lile alilojulikana nalo ukubwani, kwa sababu mbele ya mzungu wengi walitaja lile ambalo nyumbani halikutumika.