Dakika 200 za Kugawana: Kwa Kocha Mpya Aliyekabidhiwa Timu Changa

Kila msimu wa ligi unapokaribia, makocha wapya wa mpira wa kikapu hapa Kampala huniuliza swali lilelile: nitafute wakongwe, au niwaachie vijana uwanja? Wengi wamelitoa kwenye mijadala ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ambako mashabiki hawachoki kubishana kama timu hujengwa kwa chaguo za drafti au kwa wachezaji waliokwisha komaa. Nimefundisha vijana muda wa kutosha kuwa na msimamo. Mkongwe ni wa lazima, ila aje kwa zamu yake, na aje na kazi moja inayojulikana. Akitangulia, anakula dakika ambazo kijana angejifunzia. Asipokuja kabisa, kijana anazoea kufungwa, na mazoea hayo ni magumu kuyang'oa kuliko kasoro yoyote ya mkono au mguu.

Kabla hujaiga chochote cha Marekani, elewa kwanza kwa nini wao wanafanya wanavyofanya. Kila mwaka, katika drafti, klabu za NBA huchagua wachezaji vijana kwa raundi mbili. Klabu 14 zilizokosa mchujo wa kuwania ubingwa huingia kwenye bahati nasibu ya kupanga nani achague mwanzo, na kanuni iliyoanza 2019 ilizipa klabu tatu za mwisho nafasi sawa ya kupata chaguo la kwanza, asilimia 14 kila moja. Kijana wa raundi ya kwanza husaini mkataba wa miaka minne wenye mshahara uliokwisha pangwa, na miaka miwili ya mwisho huwa ni hiari ya klabu. Maana yake, klabu iliyofungwa sana inapata kipaji kikubwa kwa bei ndogo na kukaa nacho muda mrefu. Ndiyo sababu wapo waliokubali kufungwa.

Philadelphia 76ers walilifuata wazo hilo hadi mwisho. Msimu wa 2013-14 walishinda mechi 19 kati ya 82, uliofuata 18, uliofuata tena 10. Walimpata Joel Embiid wa Kamerun, chaguo la tatu la 2014, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi msimu wa 2022-23. Walichagua wa kwanza mwaka 2016 na tena 2017. Hata hivyo kundi lile halikuvuka raundi ya pili ya mchujo. Vipaji walikuwa navyo. Kwa maoni yangu walichokosa miaka ile ni watu wazima waliocheza nao, na nadhani hata wao waliliona hilo, maana Januari 2016 walimrudisha Elton Brand, mkongwe aliyekuwa ukingoni mwa safari yake ya uchezaji, akae karibu na vijana. Kufikia hapo vijana walikuwa na zaidi ya misimu miwili ya vipigo mwilini.

Mfano ninaoutumia zaidi kufundishia ni Oklahoma City Thunder. Julai 2019 walimwachia nyota wao Paul George aende Los Angeles Clippers, wakapokea Shai Gilgeous-Alexander, kijana wa miaka 20 mwenye msimu mmoja tu wa NBA, pamoja na rundo la chaguo za drafti za miaka ya mbele. Mwezi huohuo walimtoa Russell Westbrook, akaja Chris Paul. Wengi wanaposimulia habari hii hulitaja lile rundo la chaguo. Mimi humwanzia Chris Paul. Alikuwa na miaka 34, akacheza bega kwa bega na Shai msimu mzima, timu ikashinda mechi 44 na kuingia mchujo. Shai alipata mwaka mmoja wa kuona kwa macho jinsi mchezeshaji anavyoipoza mechi, anavyomwita mtu mahali pake, anavyozungumza na refa. Kisha Paul akauzwa Phoenix.

Hapo ndipo somo lilipo. Msimu uliofuata Thunder walishinda 22, uliofuata 24. Mpira ulikuwa mikononi mwa Shai na hakukuwa tena na Paul wa kumpokea pale mambo yalipomwia magumu. Lu Dort, ambaye hakuchaguliwa na klabu yoyote kwenye drafti ya 2019, alipewa kazi ya kumkaba mfungaji hatari wa kila timu pinzani, na akaijua kwa kuifanya. Mwaka 2022 wakamchagua Chet Holmgren wa pili na Jalen Williams wa 12, na hiyo nafasi ya 12 ilitoka kwa Clippers katika biashara ileile ya George. Ushindi ukapanda hadi 40, kisha 57.

Na baada ya hizo 57, baada ya vijana kuonyesha wanaweza nini na wanapungukiwa nini, ndipo wakaleta watu wazima. Juni 2024 walimchukua Alex Caruso kwa kumtoa Josh Giddey, kijana wao wenyewe. Julai wakamsajili Isaiah Hartenstein. Tazama kazi zao: Caruso kukaba, Hartenstein ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) na skrini (kumzibia njia mkabaji wa mwenzake). Hakuna hata mmoja aliyekuja kuchukua mitupo ya Shai. Msimu huo wakashinda mechi 68, na Juni 2025 wakatwaa ubingwa kwa kuwafunga Indiana katika mechi ya saba ya fainali.

Houston Rockets walipita njia hiyo kwa kasi zaidi. Walishinda 22 msimu wa 2022-23 wakiwa na vijana kama Jalen Green na Alperen Şengün. Mwaka 2023 wakaleta kocha Ime Udoka, pamoja na Fred VanVleet na Dillon Brooks, wakapanda hadi 41, kisha 52. Detroit nao, waliofungwa mara 28 mfululizo msimu wa 2023-24 na kumaliza na ushindi 14, waliongeza Tobias Harris, Malik Beasley na Tim Hardaway Jr, wakashinda 44. Katika timu zote mbili vijana walikuwa wamekwisha kula dakika zao kabla ya wakubwa kufika.

Ukitaka kuona mkongwe aliyeletwa vibaya, soma habari za Brooklyn Nets mwaka 2013. Walimnunua kutoka Boston Celtics Kevin Garnett, aliyekuwa na miaka 37, na Paul Pierce wa miaka 35, kwa chaguo tatu za raundi ya kwanza na haki ya Boston kubadilishana nao nafasi ya kuchagua mwaka mwingine. Miguu ya wazee ikaisha. Zile chaguo ndizo zilizowasaidia Boston kuwapata Jaylen Brown na Jayson Tatum, mabingwa wa 2024.

Sasa turudi Lugogo, kwenye uwanja wetu hapa Kampala, maana hapa ndipo makocha wengi wapya wanapopotea.

Sisi hatuna drafti. Ukishika mkia kwenye ligi ya taifa unashushwa daraja, na hakuna anayekuletea kijana bora kukupa pole. Kwa hiyo nusu ya mantiki ya Marekani, ile ya kuvumilia vipigo ili ulipwe baadaye, ukiivusha mpaka Uganda haina kazi. Vijana wetu hutoka mashindano ya shule za sekondari ya USSSA na michezo ya FEASSSA ya Afrika Mashariki, kisha huvutwa na ufadhili wa karo wa vyuo vikuu kama Ndejje au UCU (Uganda Christian University) pale Mukono. Anayewapata ni kocha aliyekwenda kuwatazama mapema, akaongea na mwalimu wa michezo, akafika nyumbani kumwona mzazi. Hiyo ndiyo drafti yetu, na iko wazi mwaka mzima kwa yeyote mwenye nauli na subira.

Ndiyo maana nasema katika mazingira yetu mkongwe anahitajika mapema kidogo kuliko alivyohitajika Oklahoma. Lazima ubaki kwenye ligi ili kijana awe na mahali pa kukulia. Tofauti ni idadi yao na dakika unazowapa.

Chukua karatasi. Mechi kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni dakika 40, watu watano uwanjani, kwa hiyo una dakika 200 za kugawa. Ukiwa na wakongwe wawili, kila mmoja dakika 28, zimekwenda 56 na zimebaki 144. Vijana wanane wakigawana sawa, kila mmoja anapata 18. Ukiwa na wakongwe wanne kwa dakika hizohizo, zimekwenda 112, zimebaki 88, na kijana anapata 11. Katika dakika 11 zilizokatwakatwa kijana hajifunzi kitu. Anaingia akiogopa kukosea, anakosea, anatolewa. Fanya hesabu hii kabla hujampigia simu mchezaji yeyote mwenye jina, na andika kabisa ni dakika za nani atakazozichukua. Ukishindwa kumtaja mtu huyo, hujawa tayari kumsajili.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Nakubali, kwa sharti kwamba mzee mwenyewe awe anacheza. Mkongwe asiyeweza tena kurudi kukaba hasikilizwi na vijana, hata awe na medali ngapi. Wanamheshimu kwa mdomo, wakishaingia uwanjani wanafanya wanavyojua. Mtafute ambaye bado ana miguu ya dakika 20 na zaidi, na ambaye sifa yake ni kazi za pande mbili: kuchezesha timu na kupanga ukabaji kwa sauti. Mfungaji mkongwe mwogope. Robo ya nne ikifika atautaka mpira, vijana watampa kwa adabu, watasimama kumtazama, na mwisho wa msimu utakuwa na timu isiyojua kumaliza mechi bila yeye.

City Oilers ni mfano wa karibu wa thamani ya watu waliokaa pamoja. Walianza kutwaa ubingwa wa Uganda mwaka 2013 wakaendelea hivyo msimu baada ya msimu chini ya kocha Mandy Juruni, na mwaka 2023 wakawa klabu ya kwanza ya Uganda kucheza Basketball Africa League. Ukiwatazama watu kama Jimmy Enabu wakiituliza mechi iliyoanza kuwaponyoka, unaona kile ambacho mazoezi peke yake hayafundishi. Ligi hiyo ya Afrika nayo ina utaratibu ninaoupenda sana: kuanzia msimu wa 2022 kila klabu ilipewa kijana mmoja wa NBA Academy Africa, kituo cha NBA cha kulea vipaji, akae ndani ya kikosi cha watu wazima. Hata Silverbacks, timu yetu ya taifa, waliofika robo fainali ya AfroBasket (mashindano ya mataifa ya Afrika) ya 2021 pale Kigali, baada ya kuwatoa Nigeria, walikuwa mchanganyiko wa namna hiyo. Ishmail Wainright alikuwa ametoka kucheza Ujerumani na Ufaransa, na pembeni yake alikuwapo Arthur Kaluma, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaelekea chuo kikuu.

Mazoezini usiwaweke wakongwe kikosi kimoja na vijana wako bora kila siku. Wapange upande wa pili. Kijana anayekabwa na mtu mzima Jumanne na Alhamisi, akanyang'anywa mpira kwa mkono alioudhani haupo, anajirekebisha bila hotuba yako. Siku ya mechi wachanganye. Na pale timu inapoongoza kwa pointi chache huku robo ya nne ikiyoyoma, mwache kijana mmoja auchukue mpira hata kama mkongwe yuko palepale. Mechi kadhaa utazipoteza kwa uamuzi huo. Chagua mapema ni zipi unaweza kumudu kuzipoteza bila kukaribia mstari wa kushuka daraja.

Jambo jingine ambalo huko NBA halipo: mitihani. Oktoba na Novemba wachezaji wako wa kidato cha nne na cha sita (S4 na S6) wako kwenye mitihani ya taifa ya UNEB, na wa vyuoni nao wana yao. Nimeona timu changa nzuri ikibakiwa na watu saba katika wiki ambazo ligi imepamba moto. Panga dakika za wakongwe kwa kalenda ya shule. Vijana wakiwapo, wapumzishe wakongwe; vijana wakiwa darasani, wategemee wakongwe. Na mzazi asikie kutoka kwako, mapema, kwamba mtihani hauna mpinzani. Mzazi aliyekuamini mwezi wa tano hatakunyima mtoto mwezi wa kumi na mbili.

Nauli na posho zungumza waziwazi tangu siku ya kwanza. Wengi wa wakongwe wetu wana kazi za mchana na watoto nyumbani. Wanavuka jiji kwa boda jioni wakiwa wamechoka. Ukimwahidi kitu, kitoke siku uliyosema. Vijana wanatazama unavyomtendea, na hapo wanajifunza kama klabu hii ni ya kukaa au ya kupita.

Mwisho wa kazi ya mkongwe nao uupange tangu mwanzo. Mwambie unamhitaji kwa msimu mmoja au miwili, na kijana yupi anamwandaa kushika nafasi yake. Wengi huipenda kazi hiyo wakijua inatambuliwa. Kijana huyo akianza kumshinda mazoezini wiki baada ya wiki, muda umefika. Mwite mkae wawili, msimu ukiisha na kabla usajili haujafunguliwa, ili apate nafasi ya kutafuta timu nyingine au kuanza kozi ya ukocha.