Jibu: Dada wa kazi kaondoka na simu na vitenge vyangu

Pole sana dada, kuamka ukakuta binti kasepa na simu na vitenge inauma jamani. Kwanza azima simu upige huduma kwa wateja wafunge laini na pesa za humo, maana mlikuwa mnaishi wote huenda namba ya siri anaijua. Halafu tafuta boksi la simu, IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ipo ubavuni pale, tarakimu 15, nenda nayo polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa uliyoripoti polisi, ndo uombe simu ifungiwe. Mjumbe naye mpe taarifa, na aliyekuletea huyo binti mbane leo leo akuonyeshe kwao. Ila akipatikana tafadhali asipigwe wala kufungiwa ndani, hapo kesi inakugeukia wewe, waachie polisi.