Usimwambie mtoto kwamba marehemu amesafiri

Ndugu, nimesoma maelezo yako mara mbili, na utaniwia radhi nikianza bila salamu. Umesema kwamba mdogo wako alichukuliwa na mafuriko, kwamba mwanao wa miaka sita aliyaona maji yakiingia uani, kwamba tangu usiku ule anakojoa kitandani, na kwamba mazishi ni Jumamosi. Umeuliza kama kuna dawa ya kumtuliza, kama inafaa kumhamisha shule, na kama umpeleke makaburini. Katikati ya maswali hayo umetaja, kama jambo lililokwisha kuamuliwa na wazee, kwamba mtamwambia mtoto kuwa baba yake mdogo amepata kazi Qatar. Usifanye hivyo. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu mimi nilifanya.

Agosti 7, 1998 ilikuwa Ijumaa. Mdogo wangu wa kike alikuwa akisomea uhazili katika jengo la Ufundi, katikati ya Nairobi, jirani kabisa na ubalozi wa Marekani. Aliishi nasi, na yeye ndiye aliyemlea binti yangu nilipokuwa kazini. Asubuhi hiyo mtoto, ambaye alikuwa na miaka mitano, alitaka kwenda naye mjini. Alipokataliwa alimfuata hadi langoni akilia, akamwambia, "Nenda, na usirudi tena!" Mnamo saa nne na nusu hivi bomu la al-Qaeda lililipuka nyuma ya ubalozi, na jengo la Ufundi likaporomoka. Watu 213 walikufa Nairobi siku hiyo na maelfu wakajeruhiwa. Wengi walipoteza macho, kwa sababu walikuwa wamekimbilia madirishani kutazama kelele za mwanzo wakati mlipuko mkubwa ulipovivunja vioo. Sisi tulizunguka wodi za Hospitali ya Kenyatta na vyumba vya maiti kwa siku tatu kabla ya kumpata.

Siku ya nne alifika nyumbani mtu aliyejitambulisha kuwa mshauri nasaha. Alitukusanya sebuleni, akamtaka kila mmoja aeleze kwa kinaga ubaga alichokiona chumba cha maiti, kisha akafunga daftari lake. Nilipomuuliza kuhusu mtoto alijibu kwa uhakika mkubwa: "Mtoto wa miaka mitano hana kumbukumbu. Mwambieni amesafiri, kabla ya Krismasi atakuwa amesahau." Hakumtazama mtoto wala hakuuliza jina lake, na hakurudi tena. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri waziwazi kwamba walionusurika wasilazimishwe kusimulia tukio katika kikao kimoja cha namna ile, na mwongozo wake wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unaanza kwa kumtazama mtu anahitaji nini na kumsikiliza bila kumshurutisha. Hata hivyo, hasira yangu si juu ya kikao kile. Hasira yangu ni juu ya sentensi moja iliyotamkwa na mtu mzima mwenye cheo mbele ya mama aliyechoka, ambaye angeamini lolote lililomwondolea kazi ya kusema "amekufa". Miaka zaidi ya ishirini imepita na bado sijamsamehe.

Basi nilimwambia binti yangu kwamba mama mdogo amekwenda kusoma Kanada. Mazishi yalifanyika kijijini, na yeye tulimwacha kwa jirani.

Ukimdanganya mtoto mara moja, itakubidi uendelee. Mwezi wa Septemba aliniuliza mbona mama mdogo hakuaga. Nikasema ndege iliondoka usiku. Krismasi ilipofika nilinunua gauni soko la Gikomba, nikalifunga kwa karatasi ya zawadi na kusema limetoka Kanada. Alipojifunza kuandika, akaanza kumwandikia barua, nami nikazipokea nikiahidi kuzipeleka posta, nikazificha chini ya godoro, kisha nikaketi usiku kuzijibu kwa mwandiko wa kujigeuza. Nilifanya hivyo kwa miaka mitano. Katika kila barua yake, bila kukosa hata moja, aliomba msamaha. Nilidhani ni adabu njema. Sikuwahi kujiuliza mtoto wa miaka saba anaomba msamaha wa kosa gani.

Wakati huo wote mwili wake ulikuwa ukisema yale ambayo sisi tulikataa kuyasema. Alikojoa kitandani hadi akiwa na miaka minane. Tumbo lilimuuma kila Ijumaa. Mlango ukibamizwa na upepo alijificha chini ya meza. Aliwahi kuwa na mchezo mmoja tu: alipanga visanduku vya viberiti kuwa ghorofa, akaiangusha, kisha akachokora chini yake kwa kijiko, kimya, bila kucheka, na akaanza upya. Alikuwa ameyaona hayo katika televisheni yetu, ambayo haikuzimwa wiki nzima wakati waokoaji walipokuwa wakifukua kifusi, na hakuna aliyemweleza kwamba ni picha zile zile zinazorudiwa. Kwa mtoto mdogo, kila picha ikirudiwa jengo linaanguka upya.

Baadaye sana nilisoma kuhusu daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, Lenore Terr, aliyewachunguza watoto wa mji wa Chowchilla, California. Watoto 26 walitekwa ndani ya basi la shule mwaka 1976, wakafukiwa ardhini ndani ya bodi la lori kwa takriban saa 16, na wote wakatoka wakiwa hai. Aliporudi kwao baada ya miaka minne hadi mitano, hakumkuta hata mmoja aliyekuwa amepona kabisa, na aliueleza mchezo wa aina ile ile niliouona kwangu: unaorudiwarudiwa, usio na furaha, usiofika mwisho. Nilipousoma ukurasa huo niliuona mkono wa binti yangu umeshika kijiko. Yule mshauri alisema atasahau.

Mwaka 2003 shule iliwapeleka matembezi mjini. Walipita kwenye bustani ya kumbukumbu iliyojengwa pale ubalozi ulipokuwa, mahali ambapo majina ya waliokufa yameandikwa ukutani. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na alijua kusoma vizuri. Aliliona jina la mama yake mdogo, yote matatu, akiwa peke yake katikati ya wanafunzi arobaini waliokuwa wakila biskuti.

Jioni hiyo hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo hakuondoka kwa sababu nilimwambia asirudi?"

Miaka mitano, ndugu yangu. Kwa miaka mitano mtoto alikuwa ameamini kwamba maneno yake langoni ndiyo yaliyomfukuza mtu aliyempenda kuliko wote, na kwamba zawadi zile zilitoka kwa mtu aliyekuwa bado amekasirika kiasi cha kutotaka kumwona. Watoto wa umri huo huona kwamba wanachokifikiri au kukisema kinaweza kusababisha mambo, na palipo na pengo wao hulijaza kwa kujilaumu. Kama ningemwambia ukweli siku ya nne, ningemwambia pia kwamba waliotega bomu ndio waliomuua. Uongo wangu haukumwachia mwingine wa kumlaumu isipokuwa yeye mwenyewe.

Kisha akaacha kuniamini. Nilipomwambia baba yake yuko kazini, alipiga simu kuhakikisha. Nilipolazwa kwa upasuaji mdogo miaka mitatu baadaye, hakukubali neno la mtu yeyote mpaka alipoletwa wodini akanigusa uso. Ilichukua karibu miaka miwili ya kukutana na mwanasaikolojia mwenye subira, aliyemwachia achore kwanza na kusimulia kidogo kidogo, kabla ya Ijumaa kuwa siku ya kawaida. Sasa ni mtu mzima, naye ndiye aliyeniruhusu nikuandikie haya.

Wazee wako hawana nia mbaya, ninalijua hilo. Lugha yetu ina heshima kubwa kwa kifo, na kwa sisi watu wazima heshima hiyo inafariji. Tunasema ametutoka, amelala, ametangulia, Mungu amemchukua. Sasa yasikilize maneno hayo kwa sikio la mtoto wa miaka sita. Ukimwambia amelala, ataogopa kulala, na wewe tayari una shida ya usiku. Ukimwambia Mungu amemchukua, atajiuliza Mungu atamchukua nani kesho. Ukimwambia yuko Qatar, atasubiri simu. Neno ni "amekufa", na linahitaji maelezo mafupi yanayohusu mwili: hapumui tena, hasikii baridi wala maumivu, hawezi kurudi. Hata akilielewa leo, atauliza tena kesho na keshokutwa, nawe ujibu vile vile bila kuchoka.

Aambiwe na wewe au mama yake, si na mjomba mwenye sauti nzuri wala mchungaji au shehe, na aambiwe kabla hajaona turubai zinafungwa uani na wanawake wanalia. Kuhusu makaburi, mweleze kwanza atakachokiona, kisha umwache achague, na awepo mtu mmoja wa kumshika mkono ambaye hana kazi nyingine siku hiyo. Kukojoa kitandani kusiwe sababu ya kuchapwa wala kuaibishwa. Badilisha shuka kimya kimya. Ikiwa baada ya mwezi mmoja bado anashtuka, anakwepa maji ya kuoga au anarudia mchezo mmoja usio na furaha, mtafute anayewatibu watoto hasa, naye azungumze na mtoto, si na wewe peke yako.

Mazishi ni Jumamosi, kwa hiyo una leo na kesho. Mkalishe mapajani mchana, mkiwa mmeshiba, redio imezimwa. Mwambie baba mdogo amekufa katika maji, na kwamba halikuwa kosa lake yeye mwanao, hata kama hajauliza, hata kama huoni kwa nini angefikiri hivyo. Kisha nyamaza umsubiri. Huenda akakimbia kucheza baada ya dakika mbili. Usimwone hana huzuni, kwa sababu watoto huomboleza kwa vipande. Huenda pia swali lake la kwanza likawa kama maji yatarudi usiku wa leo. Usimwahidi kwamba hayatarudi. Mshike mkono, mwonyeshe mlango mtakaotokea, njia ya kupanda juu, na nyumba ya jirani mtakakokimbilia, mkatembee hadi hapo pamoja kabla giza halijaingia.