Farasi anaachama mdomo kila ukishika hatamu, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nazungusha watalii na watoto kwa farasi hapa ufuoni Bamburi. Sahii niko na dume mmoja kashahasiwa, miaka yake kama tisa hivi. Ukishika hatamu tu anaachama mdomo, anapindisha taya upande mmoja, na saa zingine anapitisha ulimi juu ya lijamu, kile chuma cha mdomoni, hapo ndo hasimami hata umwambie nini. Mwenzangu aniambia nikaze ule mkanda wa pua mpaka asiweze kufungua, mwengine asema nimtafutie lijamu kali. Nisikize nani?
Msomaji, Bamburi

JIBU: Marahaba kijana wangu. Usimsikize yeyote kati ya hao wawili, mkanda usikaze na lijamu kali usinunue, nataka hilo tulimalize kwanza kabla hujatoa pesa. Farasi anayeachama mdomo si kiburi, kuna kitu chamuumiza ama kilishawahi kumuumiza na bado akiogopa, sasa wewe ukimfunga na mdomo wenyewe yale maumivu hayajaenda popote, yatatokea kwengine, atarusha kichwa, atakimbia, ama siku moja atasimama kwa miguu ya nyuma na mtoto wa watu yuko mgongoni. Mkanda wa pua uwe unapitisha vidole viwili juu ya mfupa wa pua, sio pembeni kwenye nyama, juu. Hata FEI, shirikisho la dunia la michezo ya farasi, limeleta kifaa cha kupimia nafasi hiyo, sentimita 1.5, kwa sababu watu walikuwa wanawabana hawa wanyama kupita kiasi.

Anza na meno. Meno ya farasi yanaendelea kutoka maisha yake yote, kama milimita 2 mpaka 3 kwa mwaka, na taya ya juu ni pana kuliko ya chini kwa hivyo magego hayaliki sawasawa, yanabaki na ncha kali, za juu zinakata shavu na za chini zinakata ulimi. Halafu wengine huwa na vijino vidogo mbele ya gego la kwanza, pale pale lijamu inapogonga. Kupima mwanzo mwanzo waweza mwenyewe: simama ubavuni kwake, weka vidole nje ya shavu, nje nakwambia usiingize mkono ndani atakutoa kidole, bonyeza taratibu kufuata mstari wa magego ya juu kutoka pembe ya mdomo kurudi nyuma. Akishtuka ama akavuta kichwa mahali pamoja kila ukifika hapo, kuna kidonda. Angalia pia kama anadondosha majani aliyotafuna nusu, na kama mdomo wanuka. Ukiona hivyo ita daktari wa mifugo aliye na vifaa vya farasi amsawazishe meno kwa tupa, na hata usipoona mwite mara moja kwa mwaka, huyo umpandishaye watu kila siku hastahili kukosa hilo.

Baada ya meno, lijamu yenyewe. Yakaa kwenye lile pengo lisilo na meno, na pale mfupa umefunikwa na ufizi mwembamba sana, hakuna nyama. Ipime: kila upande ibaki kama nusu sentimita kati ya pete ya lijamu na mdomo, ikiwa pana sana inateleza na kubana upande mmoja, ndo maana taya yapinda. Ikining'inia chini sana, ulimi unapata njia ya kupita juu, kwa hivyo jaribu kuipandisha tundu moja la mkanda wa shavuni kila upande uone. Wengi hukimbilia chuma nene wakidhani ni laini, lakini mdomo wa farasi umejaa ulimi, nafasi ni ndogo, nene yaweza kumkaba zaidi. Na hii chumvi yetu ya baharini, ewe! Pitisha ukucha kwenye chuma na kwenye kiungo cha katikati, ukisikia inakwaruza basi ulimi wake wakwaruzwa hivyo hivyo siku nzima. Lijamu iliyoliwa na kutu itupe, na nzima ioshe kwa maji ya kisima ama ya mfereji kila jioni.

Lakini mimi nikikuangalia kazi yako nafikiria zaidi mikono ya wateja. Mtalii hajawahi kupanda, farasi akitikisika anashika hatamu kwa nguvu zote ili asianguke, uzito wake wote uko kwenye ule ufizi, akishuka huyu anapanda mwengine, tangu asubuhi hadi jua kutua. Meno utatengeneza na lijamu utabadilisha na bado ataachama. Mpe mteja kitu kingine cha kushika, mfungie farasi mkanda shingoni ama kamba mbele ya tandiko, wewe muongoze kwa kamba ya kichwani isiyo na chuma iliyovaliwa chini ya mikanda ya kichwani inayoshika lijamu. Kwa kazi ya kutembeatembea ufuoni na mtu amemshika kichwa, mteja hana haja na mdomo wa farasi kabisa.

Kisha mtoe chuma siku chache, umpande mwenyewe kwenye ua uliofungwa, si ufuoni. Akitulia, shida ilikuwa mdomoni. Akiendelea kupindisha taya bila chuma, angalia mgongo, tandiko na miguu. Ukirudisha lijamu, simama tu, shika hatamu kidogo kama uzito wa kijiko, ngoja, akilegeza taya achia papo hapo. Tabia iliyokaa miaka haitoki kwa wiki, yataka uwe na subira naye.

SWALI: Mwalimu, mimi najifunza kupanda huku Nyali. Farasi ninayepewa anasaga meno tukienda matiti, ule mwendo wa kudundadunda, na anapiga mkia, naambiwa ndo alivyo. Kweli?
Binti, Nyali

JIBU: Mwanangu, usikubali hiyo ya ndo alivyo. Daktari mmoja wa Uingereza, Sue Dyson, mwaka 2018 alitoa orodha ya tabia 24 za farasi anayepandwa, kuachama mdomo sekunde 10 au zaidi imo, kupiga mkia imo, na akionyesha 8 ama zaidi kuna uwezekano mkubwa ana maumivu. Muombe mwalimu wako mtazame tandiko na mgongo, na muulize huyo farasi hukaa saa ngapi bila kula. Tumbo lake hutoa asidi muda wote hata akiwa na njaa, vidonda huanzia hapo. Apewe majani makavu kidogo kabla hujampanda, na kama bado anasaga, omba aonwe na daktari kabla ya somo lijalo.